Ngumi Kati ya Tairi na Madigadi

Hewala alikuwa amekubali tena. Jina hilo la utani hakulipata bure. Mtu akimwambia ahamishe mlima, yeye husema hewala, hupeana mkono na mwenye mlima, hunywa chai yake, kisha hurudi nyumbani kutafuta wa kuuhamisha. Na wa kuuhamisha siku zote alikuwa dada yake.

Dada mwenyewe watu walimwita Bi Kamba, kwa sababu ya makamba na minyororo iliyojaa nyuma ya kiti chake cha dereva. Hakuwa na ugomvi na jina hilo. Ugomvi wake ulikuwa na mambo mengine. Jioni aliyorudi kutoka kumuuguza mama mkwe wake, alipita kwa baba yake kumjulia hali, na kabla hajaketi akaikuta habari imemsubiri sebuleni. Hewala alikuwa amemwahidi Mzee Mbao kwamba mashine yake ya kupasulia magogo itavutwa mpaka ng'ambo ya kilima, nzima nzima, kwa pikapu ya familia.

"Na nani ataendesha?" Bi Kamba aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Si wewe, dada? Kuna mwingine?"

Hakukuwa na mwingine. Pikapu ile ilikuwa ya baba yao, dereva wa miaka mingi ambaye mgongo ulimkatalia kazi, na tangu hapo binti ndiye aliyeshika usukani. Waliiita Shangazi. Ilikuwa imepakwa rangi mara nyingi hivi kwamba hakuna aliyekumbuka ile ya kwanza, mlango wa abiria ulifungwa kwa waya, na ililalamika tangu inapowashwa mpaka inapozimwa, lakini kila ilikotumwa ilifika. Ilivuta tela lisilo na breki lililobeba matangi ya maji, mawe ya msingi na magari yaliyokufa njiani. Hewala yeye alikuwa na kipaji cha kutafuta kazi. Kuendesha na mzigo hakuwahi kujaribu, na hakuna aliyewahi kumwambia ajaribu.

Basi Bi Kamba akakataa. Alisema mashine ile ameiona, ni chuma kitupu, meza yake peke yake inatosha kumchosha Shangazi, na injini juu yake ni kuomba msiba. Alisema ifunguliwe: leo injini, kesho meza, na kila mtu arudi nyumbani na viungo vyake. Hakuwa anasema juu ya viungo vyake mwenyewe. Alikuwa anasema juu ya mumewe.

Mumewe walimwita Kabari, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kwenye kilima alitembea kwa miguu kando ya tela akiwa na kabari mbili za mti mgumu zilizofungwa kamba, na gari likisita, alizisukumiza chini ya tairi kabla halijaanza kurudi nyuma. Ni kazi ya kuwa karibu na tairi katika dakika ambayo mtu mwenye akili zake angekuwa mbali nalo. Kabari alikuwa na akili zake, tena nyingi, ila alimwamini mkewe. Alizoea kuwaambia watu kwamba wanaume wengine huwafuata wake zao kwa wivu, yeye humfuata wa kwake kwa mshahara.

Kwa hiyo kila Bi Kamba alipoutazama mzigo, alimwona mumewe amesimama kando yake. Na katika nyumba ile kulikuwa na sheria, baba mwenyewe ndiye aliyeiweka enzi zake: mwenye usukani ndiye mwenye neno. Akisema hapana, ni hapana, hata tajiri apige magoti.

"Mzee Mbao hataki ifunguliwe," Hewala alisema. "Amekataa katakata. Ikifunguliwa inapoteza mstari, misumeno inaanza kula mbao vibaya. Na dada, unajua mimi na nyumba ile sasa tuna jambo."

Alijua. Hewala alikuwa amemchumbia binti wa Mzee Mbao, na tangu siku ile alitembea kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima, anaogopa kuichafua. Bi Kamba alimwambia kwamba kama ni kumfurahisha mkwe, ambebee mashine mgongoni. Hewala akajibu kwamba wivu wa dada ni mbaya kuliko wa mke. Ikawa kelele, sauti juu ya sauti, mpaka majirani wakapunguza redio zao ili wasikie vizuri.

Baba alikaa kwenye kiti chake chenye mto wa mgongo, akiwaacha wachoke. Walipochoka akasema ahadi ni deni. Bi Kamba akafungua mdomo, na mzee akainua kiganja.

"Sikulazimishi, mama," alisema kwa upole. "Nenda kaipime. Ngumi ikipita, nendeni. Isipopita, mimi mwenyewe nitafunga safari hadi kwa mkwe nimwambie hapana. Mimi, kwa kinywa changu."

Hapo hasira ikamtoka Bi Kamba yote, maana ngumi hakuna aliyebishana nayo. Baba aliwafundisha hivi: tela likishafungwa kwenye ndoano na mzigo ukiwa juu, gari linakaa kitako. Shuka, ingiza ngumi yako kati ya tairi la nyuma na madigadi, yale mabati yanayolifunika kwa juu. Ngumi ikipita, springi bado zina nguvu na mzigo ni wako. Ikikwama, shusha, hata kama umeshalipwa na kula. Tajiri atakudanganya uzito, mzee alikuwa akisema, na mizani nayo ina mwenyewe, lakini mkono wako una sababu gani ya kukudanganya? Bi Kamba aliishi kwa kipimo hicho. Kilikuwa kimemkatalia mizigo mingi na hakikuwahi kumkosea hata mara moja. Akalala usingizi mzuri, kwa sababu alikuwa na uhakika kwamba kwa mashine ile ngumi haitapita.

Asubuhi alimkuta Shangazi ameoshwa. Hewala mwenyewe alikuwa amemwosha, eti zawadi ya kumkaribisha dada, na gari lilionekana kama limenyoosha mgongo. Bi Kamba aliguswa, hilo tukubali. Njiani pikapu ilirukaruka kwenye kila shimo kama mbuzi, na Hewala, aliyekaa mlangoni pa waya, akasema amejaza upepo matairi yote. Bi Kamba akasimama, akapunguza upepo, wakaendelea kuruka. Akasema moyoni kwamba kaka yake hata akitenda wema anauzidisha.

Kwa Mzee Mbao kila kitu kilikuwa na vumbi la mbao, hata nyusi za mwenyewe. Alikuwa mtu mfupi wa maneno machache, na alimwamkia Bi Kamba kwa heshima zaidi kuliko alivyomwamkia mkwe wake mtarajiwa. Vijana wake waliinua mashine kwa mnyororo uliotundikwa kwenye boriti, Kabari akamwelekeza mkewe kurudisha tela chini yake, wakaishusha polepole. Tela likalia. Bi Kamba alisimamia kila inchi, akataka uzito uje mbele kidogo karibu na ndoano, ili tela lisije likapepesuka njiani. Wakafunga minyororo. Kisha kila mtu akasogea pembeni, na yeye akaenda kwenye tairi la nyuma akiwa tayari ameshaandaa maneno ya kumwambia Hewala.

Ngumi ikapita.

Haikupita kwa kubanwa. Ilipita na nafasi ikabaki, angeweza kushika na chungwa. Akaenda upande wa pili, ikapita vilevile. Akamwita Kabari, mwenye ngumi kubwa kuliko yake, na ya Kabari nayo ikapita. Bi Kamba alisimama pale mikono imejaa matope ya tairi, akaona aibu. Alikuwa amepiga kelele nyumbani kwa baba yake mbele ya masikio ya mtaa mzima, amemkejeli kaka yake, na kumbe gari linaweza.

"Binti, una hakika?" Mzee Mbao aliuliza.

"Ngumi imepita, mzee," alisema. Yule hakujua maana yake, lakini aliona limesemwa na mtu anayeijua kazi, akaitikia kwa kichwa.

Halafu Bi Kamba akafanya jambo ambalo baadaye lilimchoma kuliko mengine yote. Alimfuata Hewala, mbele ya vijana, mbele ya mkwe, akamwomba radhi. Alisema kaka, jana nilikukosea. Na Hewala, aliyejua anachokijua, hakutazama chini, hakuona haya. Alimpigapiga begani.

"Yamekwisha, dada. Woga ni maumbile ya wanawake, hatuwalaumu."

Akalimeza hilo nalo. Hewala akasema anabaki kidogo na wakwe, watakutana upande wa pili.

Kilima kile madereva walikiheshimu. Barabara yake ilipanda kwa kuzunguka, upande mmoja ukuta wa udongo na mfereji wa maji ya mvua, upande wa pili hakuna kitu. Bi Kamba alitia gia ya pili akaiacha hapohapo, Shangazi akapanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kudai. Kabari alitembea nyuma na kabari zake begani, akipiga mluzi. Hawakusimama hata mara moja. Lakini usukani ulikuwa mwepesi. Bi Kamba aliugeuza na magurudumu ya mbele yakachelewa kuitika, kana kwamba pua ya gari inataka kuinuka iache ardhi. Mikono yake iliujua uzito huo, au kukosekana kwake. Ilikuwa inamwambia kwamba nyuma kuna mzigo usio wake.

Kileleni alisimama injini ipoe. Alifungua boneti, akamwambia mumewe kwamba mbele ni nyepesi, haipendi. Kabari alisema labda Shangazi anaringa kwa kuogeshwa. Kisha akaacha utani, akamwambia apime tena. Akapima. Ikapita tena, vizuri kabisa. Nani huchungulia chini ya kipimo kuangalia kama kipimo ni kizima? Mwili wake wote ulimwambia hapana, na ngumi moja ikasema ndiyo, akaifuata ngumi, kwa sababu ngumi ilikuwa ya baba yake.

Wakaanza kushuka. Gia iliyokupandisha ndiyo ikushushe, hilo nalo la mzee, na Bi Kamba akaiacha gia ya pili izuie. Kwa muda ilizuia. Injini ilinguruma, tela likasukuma, na kila kona lilisukuma zaidi. Alikanyaga breki kidogokidogo kama inavyotakiwa. Harufu ya kuungua ikaingia dirishani. Kwenye kona ya chini, palipo na mteremko mkali kuliko pote, gia ikachomoka. Gari zee hufanya hivyo likisukumwa kupita kiasi, meno yake yamelika. Aliurudisha mkono wa gia kwa nguvu ukamkatalia. Akakanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini bila kukutana na kitu.

Kwenye kioo alimwona Kabari anakimbia. Angeweza kusimama. Angeweza kukaa pembeni akatazama chuma cha watu kikienda zake, lakini ndani ya gari lile mlikuwa na mkewe. Alilipita tairi la tela, akatupa kabari ya kwanza mbele yake, tela likaipanda likaruka. Akatupa ya pili akaisindikiza kwa mguu. Hiyo ikashika. Tela likajipinda, likamvuta Shangazi ubavu, na vyote viwili vikaingia mfereji wa maji na kugota kwenye ukuta wa udongo. Ikawa kimya. Halafu akamsikia mumewe, na haukuwa mluzi.

Mguu wa Kabari ulikuwa umebanwa kati ya chuma cha tela na udongo. Watu waliokuwa wakipalilia mashamba ya juu walishuka mbio, wakajaribu kuinua kwa mikono, haikuinuka. Bi Kamba alichomoa jeki, akalala kifudifudi mferejini, akajiburuta chini ya Shangazi kutafuta mahali pa kuiweka. Na hapo, uso wake ukiwa karibu na ekseli, akaona.

Springi za Shangazi alizijua kama meno yake. Zilikuwa nyekundu kwa kutu, zimechakaa pembeni. Sasa chini ya zile nyekundu kulikuwa na vyuma vingine vinene, vyeusi, vipya, na boliti zake ziling'aa kama zimetoka dukani. Zilikuwa zimeongezwa. Gari lililoongezwa springi halikai kitako hata ukilitwika nyumba. Linasimama wima, na ngumi inapita, na injini ni ileile, gia ni zilezile, breki ni zilezile za kizee. Alivitazama vyuma vile huku mumewe akilia upande wa pili wa bati. Kisha akaweka jeki, akapampu mpaka mguu ulipotoka.

Hospitalini walisema mifupa ya unyayo imesagika. Atatembea, Mungu akipenda, kwa fimbo. Kukimbia asahau. Bi Kamba aliyasikiliza yote wima, akamfunika mumewe shuka, akamwambia anatoka kidogo, atapita na nyumbani kwa Mzee.

Alikwenda kwa mhunzi. Katika mji ule aliyetengeneza springi alikuwa mmoja tu, na hakuwa na la kuficha, maskini. Alimpa pole ya mume, akamletea kigoda. Alisema ndiyo, ni kazi yake, wiki ile Bi Kamba alipokuwa kwa wakwe. Bi Kamba akauliza kama ni Hewala aliyeleta gari, na alitaka sana jibu liwe ndiyo.

"Hewala aliliendesha mpaka hapa, tupu," mhunzi alisema. "Lakini alikuja na Mzee, baba yenu. Mzee alikaa hapo ulipokaa, akanionyesha mwenyewe nitie chuma gani. Akasema nisikwambie, ni zawadi yako."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo walivyotufundisha. Hawakutuambia lolote kuhusu aliyesikia. Bi Kamba alimsikia mkuu tangu utotoni, akasikia lake la gia na lake la ngumi, na guu likavunjika vilevile. Njia nzima kutoka kwa mhunzi alitetemeka kwa hasira, na watu waliokutana naye walidhani analia wakampa pole, jambo lililomzidishia hasira. Hewala alimwelewa. Hewala ni Hewala, huwezi kuikasirikia mvua kwa kulowesha. Lakini mzee alikuwa amekaa kwenye kiti kile, akainua kiganja, akasema nenda kaipime, huku anajua kipimo amekivunja kwa mikono yake.

Alipoingia sebuleni alimkuta Mzee Mbao amefika kutoa pole. Hewala alikuwa amekaa kando ya baba, mpole, magoti pamoja. Bi Kamba aliwaamkia wote, kwa kuwa adabu haivunjiki kwa siku moja, kisha akasimama katikati ya chumba.

"Baba, nimetoka kwa mhunzi."

Mzee alitazama mikono yake. Hakukana. Alisema mambo mengi, kwa sauti ya chini, na yote yalikuwa yamepangwa vizuri. Alisema ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa. Alisema mkwe angemwona kaka yake si mtu. Alisema enzi zake amevuta mizigo mizito kuliko ule kwa gari hilohilo, na kwamba binti amekuwa mwoga tangu aolewe, naye alitaka tu kumtia moyo. Bi Kamba aliposikia kumtia moyo, alishika ukingo wa meza.

Mzee Mbao alikohoa. "Samahani," alisema. "Ahadi gani hiyo ya mimi kumwona mtu si mtu? Mngeniambia mashine ni nzito, ningeifungua. Huwa naifungua kila nikihama."

Bi Kamba alimgeukia kaka yake, na Hewala akatazama dirisha. Kwa hiyo hata hilo la kukataa katakata hakulisema mtu, lilizaliwa kinywani mwake. Hakuwahi kumuuliza. Alisema hewala kabla mkwe hajamaliza sentensi.

"Yaliyopita si ndwele," baba alisema haraka. "Tugange yajayo. Mashine ya mkwe ipo mferejini, mvua ikija itaharibika. Mama, wewe ndiye unayekijua kilima kile. Kesho watu wakiinua tela, washa gari, umalizie kuishusha. Imebaki kidogo."

Bi Kamba aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za Shangazi, akaziweka mezani mbele ya kaka yake.

"Aliyekubali aende akamalizie."

Alitegemea Hewala atarudi nyuma, na labda angerudi, lakini mkwe alikuwa anamtazama. Mtu wa hewala hajui neno jingine. Alijikohoza, akanyoosha mkono, akazichukua funguo.

Mzee aliruka. Mtu ambaye kwa miaka hakuinuka kwenye kiti kile bila kushikwa, aliinuka, akamkamata mwanawe kifundo cha mkono, na funguo zikaanguka sakafuni.

"Weka chini, mwanangu! Gari lile litakuua!"

Kila mtu alisikia. Aliyesema naye alijisikia, maana alibaki amesimama, mkono wa mwanawe bado ameushika, mdomo wazi. Mzee Mbao alimtazama yeye, akamtazama binti.

"Mkuki kwa nguruwe," alisema taratibu, na hakumalizia. Akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga, na Hewala akaufuata mgongo wake kwa macho mpaka mlangoni.

"Kumbe ulijua," Bi Kamba alisema.

"Wewe ni dereva, mama. Wewe umezoea."

"Na mume wangu? Naye amezoea?"

Mzee alianza kusema tena, kitu kuhusu uchungu wa mwana, na akashindwa kuendelea kwa sababu aliyekuwa mbele yake naye alikuwa mwana. Alimwita kwa jina alilomwitia utotoni. Bi Kamba alikuwa ameshafika nje. Aliipita pikapu ya mtu mwingine iliyoegeshwa njiani, akavuka barabara, na hasira aliyoingia nayo, ile ya kutaka kuvunja vyombo, haikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na nyingine, iliyotulia, ambayo alijua atazeeka nayo.

Hospitalini Kabari alikuwa macho. Mguu ulikuwa umetundikwa, mkubwa kwa bandeji. Alimuuliza Mzee amesema nini. Mumewe alikuwa na utani kwa kila jambo, na tayari alishaanza kutabasamu, akisubiri apewe pa kuanzia. Bi Kamba alitafuta namna ya kulipunguza lile neno, akaona halipunguziki, akamweleza lilivyokuwa: funguo, mkono wa Hewala, na baba alivyoruka kutoka kitini.

Tabasamu likamtoka Kabari. Aligeuzia uso ukutani, kama anayesoma kitu pale penye rangi iliyobanduka.

"Na mimi nilikuwa namwita baba," alisema.